Mbuzi Watatu wa Mzee Mbuvi

Ningekataa. Nimelirudia neno hilo mara nyingi nikiwa peke yangu, nikinyoa ndevu au nikisubiri maji yachemke. Ningekataa, na hakuna mtu angenilaumu. Lakini siku binamu yangu Mutiso aliponiomba nitafute historia ya ukoo wetu, nilikubali kabla hajamaliza kutafuna. Tulikuwa Kawangware, kwa mwanangu Muia, familia nzima imebanana kwenye chumba kimoja, sahani za pilau magotini, wengine wamekalia kitanda na wengine wamekalia wenzao. Mutiso alikuwa mwenyekiti wa familia kwa sababu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko sote. Alisema Desemba tutakutana wote, wa Machakos, wa Kitui na wa Nairobi, na ni aibu watu kukutana bila kujua wanahusiana vipi. "Tunataka mtu wa kutuambia tulitoka wapi," alisema. "Mtu aliyesoma." Wote wakanigeukia. Nilisoma hadi kidato cha nne, na katika rika langu upande wetu hakuna mwingine aliyefika hapo. Msomaji, usidharau raha ya kutazamwa. Nilikuwa nimetengeneza viti karibu maisha yangu yote bila mtu kunitazama, maana anayekuja kwa fundi wa sofa hutazama sofa.

Mke wangu Kamene alikuwa ubavuni mwangu. Akaninong'oneza, "Baba Muia, kumbuka una mbuzi wa kupeleka." Nilimjibu kwamba mtu anaweza kufanya mambo mawili. Sijawahi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja tangu nizaliwe, naye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo alirudi kwenye pilau yake.

Nieleze habari ya hao mbuzi. Kwetu Wakamba, kijana akipata mke, wazee wake hupeleka mbuzi watatu kwa baba ya msichana. Tunaita ntheo. Mahari yenyewe inaweza kuchukua miaka, lakini ntheo ndiyo inayofunga ndoa. Bila hao mbuzi, hata muishi pamoja mpaka mng'oke meno, yule mwanamke bado ni binti wa kwao, na watoto atakaozaa ni wa baba yake. Muia na Ndinda walikuwa wanaishi pamoja tu, kama vijana wa leo, na sasa Ndinda alikuwa mjamzito. Baba yake, Mzee Mbuvi, alikuwa na bucha pale pale Kawangware. Alikuwa mtu mpole. Alisema tu kwamba angependa mbuzi wake wafike kabla ya mtoto, tukakubaliana Agosti. Na mimi nilikuwa na haraka zaidi yake, kwa sababu kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba ya baba yake. Babu yangu Nzioka alimzaa Muia. Muia akanizaa mimi, Nzioka. Nami nikamzaa Muia. Zamu ilikuwa imerudi kwangu. Mtoto akishabeba jina langu, mama yake angemwita "mzee", na angeona haya kumchapa, maana ni kama anamchapa baba mkwe wake. Nilikuwa nikijilaza mchana baada ya ugali nikimfikiria Ndinda akinifuta makamasi kwa heshima, nacheka peke yangu hadi Kamene anauliza kama nimepata homa.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mzee Mbuvi kwao Machakos. Tuliporudi Kibera nilianza kumsimulia Kamene mambo ya mwaka ule, naye akaniambia nikayaandike, kwa kuwa yeye alikuwepo na hana haja ya kusimuliwa.

Kibanda changu cha kazi kilikuwa ukingoni mwa Soko la Toi, na chumba chetu tulipanga kwa Bi Zena, Mnubi, ambaye mababu zake waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakapewa Kibera ilipokuwa msitu. Bi Zena aliweza kuwataja wazee wake mmoja baada ya mwingine, kurudi nyuma hadi yule wa kwanza aliyeshuka na bunduki, huku anakaanga mandazi, na asiunguze hata moja. Miaka yote hiyo nilimsikiliza kwa wivu. Mimi nilimjua baba yangu, na babu yangu kwa jina tu. Baada ya hapo sikumjua mtu. Nilipomwambia kazi niliyopewa alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Nzioka, babu yako alipotelea wapi hata umtafute leo?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Haya. Ukimpata, mwambie huku nyumba zote zimejaa."

Nilianza kwa kitambaa. Ukoo haungetosha kwenye karatasi, kwa hiyo nilichukua kipande kikubwa cha kitambaa cha sofa, rangi ya kahawia, nikakipigilia ukutani juu ya kitanda chetu, nikaandika majina kwa chaki ya fundi. Babu katikati, watoto wake chini, mistari ikishuka. Kamene alikitazama akauliza kama si kitambaa cha yule mama wa viti vitano. Nikamwambia yule mama hana haraka. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano, na yule mama alikuja kuchukua viti vyake mwezi wa kumi vikiwa bado mbao tupu. Sijui nikuelezeje ule mvuto. Unapata jina moja, la mtu aliyekufa kabla hujazaliwa, halikusaidii kwa lolote, na bado unatembea Kibera nzima ukitabasamu kama umeshinda bahati nasibu. Halafu unajiuliza mama yake huyo aliitwa nani, na siku yote imekwisha. Simu yangu ilijaa namba za wazee wasiosikia vizuri. Nilikuwa nikisimama nje ya kibanda napiga kelele, "Mke wa pili au wa tatu? WA PILI AU WA TATU?" na wauza mitumba wa Toi wananitazama kwa huruma, wakidhani ni mambo yangu ya nyumbani.

Mbuzi nilinunua mapema, mwezi wa saba, nikawafunga nyuma ya chumba chetu. Walikuwa wawili wa kike na beberu mmoja mwenye pembe moja iliyopinda ikaingia karibu na jicho, kwa hiyo kila mara alionekana kama anakufikiria vibaya. Mzee Mbuvi alikuja kuwaona. Aliwashika mgongo na mapaja, kama mtu wa kazi yake, akawapitisha wote. Kwa beberu alicheka. "Huyu hata akipotea Nairobi nzima nitamjua." Bi Zena hakucheka. Alisimama mlangoni siku ya kwanza akiwa na mikono kiunoni. "Nzioka, nilikupangisha wewe na mke wako. Hawa wapangaji watatu nimewapangisha lini?" Nikamwambia ni wa wiki chache tu. Katika wiki hizo chache walikula sponji ya kiti kizima, sweta ya Bi Zena iliyokuwa kwenye kamba, na sabuni. Yule wa pembe alikula sabuni akatoa povu, na jirani mmoja akaanza kukemea pepo.

Shangazi yangu Kalunde, dada ya baba, ndiye aliyekuwa amebaki wa kizazi kile. Alikaa kijiji cha Raila, humo humo Kibera, katika chumba kidogo chenye giza na harufu ya moshi na mafuta ya kujichua. Kitanda kilikuwa upande huu, jiko upande ule, na katikati nafasi ya mgeni mmoja mwembamba. Nilikuwa nikimpelekea sukari, naye ananipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, bakuli limejaa, na haruhusu mtu kuuliza maswali mpaka bakuli liishe. Nikiwa nimeshiba hata kupumua siwezi, ndipo alipoanza. Aliniambia babu Nzioka alikuwa mwindaji na tajiri, na alipomwoa bibi alipeleka mbuzi thelathini wakiimbiwa njia nzima, hadi wazee wa upande wa pili wakalia. Niliyaandika yote kwenye kitambaa. "Thelathini!" nilimwambia Kamene. "Na wewe watatu wanakushinda," akasema, akaendelea kusonga ugali.

Siku ya ntheo ilifika. Nilikuwa nimeshavaa koti. Mutiso akapiga simu kwamba huko Kitui kuna mzee kipofu aliyechunga ng'ombe pamoja na babu yetu, leo amepata nafuu na anaongea, kesho haijulikani. Nilisimama pale mlangoni nikatazama mbuzi, nikatazama kitambaa. Nikampigia Mzee Mbuvi.

"Mkwe wangu, kumetokea jambo kidogo. Lakini usijali, mbuzi wako njiani."

Kisha akasema, "Wako njiani wapi, na wewe nasikia wanalia hapo nyuma yako?"

"Namaanisha hivi karibuni. Wiki moja, mbili."

"Sawa, mkwe. Wazee niliokuwa nimewaita nitawapa chai."

Nilikwenda Kitui. Yule mzee alinishika mkono kwa furaha kubwa, akanishukuru kwa kuja, na akaanza kunieleza ng'ombe wake mmoja hatoi maziwa titi la kushoto. Alidhani mimi ni daktari wa mifugo. Nilipotaja jina la babu yangu alisema hamjui, alikuwa hajawahi kusikia mtu wa jina hilo, lakini kama ana dawa ya titi angependa kuonana naye. Nikarudi Nairobi. Wiki mbili zikapita, na nyingine. Kila mara kulikuwa na mzee mwingine. Muia alinipigia mara moja akasema, "Mzee, Ndinda anauliza ile siku." Nikamwambia mbuzi wako njiani. Sikusikia jinsi nilivyosikika.

Kisha beberu akakata kamba. Tulikuwa kanisani, na tuliporudi alikuwa amesimama juu ya kitanda chetu anatafuna kitambaa. Upande wote wa bibi yangu ulikuwa umeliwa, kuanzia ndoa kushuka hadi shangazi wanne. Kamene alikaa kwenye kigoda akacheka machozi yakamtoka. "Angalau mmoja ameusoma mpaka mwisho," alisema. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilichukua sukari nikarudi Raila kwa Shangazi Kalunde, nimwombe anirudie habari za ndoa ya bibi.

Bahati mbaya nilimkuta ameshakula, na mtu akishiba hana haja ya kumfurahisha mgeni. Nikamuuliza tena habari ya wale mbuzi thelathini.

"Mbuzi gani?"

"Wale babu alipeleka wakiimbiwa."

"Nani alikuambia thelathini?"

"Wewe, Shangazi. Hapo hapo ulipokaa."

"Siku hiyo nilikuona unapenda kusikia." Akavuta leso yake vizuri mabegani. "Baba yangu hakupeleka hata mkia. Alitoroka na mama. Babu yetu, baba ya mama, kila akituma mtu kuuliza, baba anasema mbuzi wako njiani. Wakawa njiani mpaka yule mzee akafa. Mama alipomzaa kaka yangu, baba yako, wazee wa kwao walikuja wakataka mtoto achukue jina la upande wao, maana ntheo hakuna. Baba akawanywesha pombe mpaka wakalala, na walipoamka mtoto alikuwa ameshaitwa Muia."

Shangazi aliniangalia akaelewa upesi kuliko mimi mwenyewe. "Wewe, hiyo usiende kuisema kwa mkutano," akasema. "Sema wale thelathini. Ni wazuri."

Mtu mwenye akili zake angetoka kwenye kile chumba, akaenda moja kwa moja kuwafungua mbuzi wake na kuwapeleka kwa Mzee Mbuvi kabla jua halijatua. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini sikuwaza hivyo. Nilichowaza, nikitembea kurudi nyumbani, ni sura za watu nitakapolisema jambo hilo mbele yao. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho hakuna mtu kwenye ukoo alikuwa nacho. Nilijiona mtafiti. Yale maneno mbuzi wako njiani, niliyoyasema mwenyewe kwa mdomo wangu, yalipita masikioni mwangu kama maneno ya babu tu, ya kuchekesha, ya zamani.

Wiki ya mkutano, Mutiso alinipigia simu na sauti yake ilikuwa imepungua. Mtu aliyeahidi kutoa nyama alikuwa amezima simu. Watu walikuwa wameshaanza kufika kutoka ushago, kule vijijini, na kulikuwa na mchele tu. "Itakuwaje, Nzioka? Watu watakusikilizaje na njaa?" Hilo swali la mwisho ndilo lililonimaliza. Nilijiona nimesimama mbele ya watu wenye njaa, wanapiga miayo, nikifika kwa babu wameondoka. "Nina watatu hapa," nikasema.

Kamene alisikia. Aliweka chini kisu cha sukuma wiki. "Hao ni wa Mbuvi."

"Nitanunua wengine Januari."

"Mtoto anasubiri Januari?"

"Mama Muia, mtoto wa kwanza huchelewa."

"Nani alizaa hapa, mimi au wewe?" Hakunisemesha tena hadi Jumamosi.

Mkutano ulikuwa Kawangware, katika ukumbi wa kanisa moja, viti vya plastiki vimepangwa, watoto wanakimbizana chini ya meza. Ndinda alikaa karibu na mlango apate hewa, tumbo limemtangulia, miguu imevimba. Mzee Mbuvi alikuja kwa heshima kama mkwe, na suti yake ya kijivu. Alikwenda nyuma kunawa mikono, akapitia jikoni. Kina mama walikuwa bado hawajachoma vichwa. Vilikuwa vimewekwa mezani. Aliporudi ukumbini alikaa, akaletewa sahani, na nikamwona anaigeuza nyama moja kwa kidole, polepole, bila kuila.

Mimi nilikuwa nimeshasimama mbele ya kitambaa changu, kipya sasa, kimetundikwa ukutani. Nilianza vizuri. Lakini habari za nani alimzaa nani hazina ladha kwa asiyezitafuta mwenyewe, na nilipofika kwa watoto wa mke wa pili niliona Mutiso amelala. Basi nikatoa nilichokuwa nimekificha. Niliwaambia babu yetu Nzioka hakuwahi kupeleka ntheo. Mutiso akaamka. Hata watoto chini ya meza waliacha kukimbizana. Na hapo, badala ya kukaa chini, nikanogewa.

"Sheria yetu ni moja," nilisema, na nilikuwa nimeinua kidole. "Bila ntheo, mtoto ni wa baba ya mama yake, na jina ni la baba ya mama yake. Haijalishi mwanamume ametoa visingizio gani. Kwa hiyo baba yangu hakustahili kuitwa Muia, na kwa kweli mimi sistahili kuitwa Nzioka! Babu aliliiba jina!" Kamene alikuwa anavuta koti langu kwa nyuma. Nilidhani limenasa kwenye kiti.

Watu walicheka na kupiga makofi. Niliona ni siku yangu. Kisha Mzee Mbuvi akainua mkono, kama mtoto darasani.

"Mkwe, umesema vizuri sana," alisema. "Nataka tu nielewe kama nimeshika. Umesema visingizio havihesabiwi?"

"Havihesabiwi!"

"Hata kama mbuzi wako njiani?"

"Hasa hao wa njiani!" nilisema, na ukumbi ukacheka tena. Halafu upande mmoja ukaacha kucheka, kisha mwingine, nami nikawa wa mwisho.

"Basi nashukuru," alisema Mzee Mbuvi. Hakupaza sauti. "Kwa sababu wa kwangu nimewaona. Wawili wako kwenye sahani, na yule wa pembe kichwa chake kiko jikoni kinaniangalia. Mkwe, sikuja na maneno. Nilikuwa nimenyamaza tangu Agosti, na ningenyamaza tena. Lakini umesema mwenyewe, mbele ya ukoo wako wote, na ni wewe uliyesoma. Mtoto akiwa wa kiume ni Mbuvi."

Akaikunja leso yake, akamshika Ndinda mkono, wakatoka. Muia aliwafuata. Alipofika kwangu alisimama kidogo. "Mzee, ulitaka sana kujua babu yako alikosea wapi," alisema. Akatoka. Mutiso aliuliza kwa sauti yake ile kama kuna mtu asiyetaka nyama yake.

Jumatatu nilianza kutafuta mbuzi. Jaribu siku moja kutafuta mbuzi Nairobi wiki ya Krismasi. Kila mbuzi alikuwa ameshapata mwenyewe, na wauzaji walikuwa wananiambia bei huku wakitazama pembeni, kwa aibu. Nilipata watatu wembamba, mmoja anakohoa. Sikupata mtu wa kunibebea, kwa hiyo nikawafunga kamba moja nikatembea nao, mimi na koti langu lile lile la ntheo, kutoka Toi hadi barabara ya Ngong na kukata kuelekea Kawangware. Walikataa kuvuka barabara, halafu katikati ya barabara wakakataa kurudi. Dereva mmoja alitoa kichwa akaniuliza kama ni mimi ninayewapeleka au ni wao wanaonipeleka. Nilipofika kwenye bucha nilikuwa nimelowa jasho, na kijana aliyekuwa kwenye foleni ya nyama akawapima kwa macho.

"Niaje mzee. Hao ni wa kuuza?"

"Hawa ni wa ntheo."

"Huyo anakohoa pia?"

Mzee Mbuvi alitoka na koti lake jeupe, kisu mkononi, akanitazama mimi, akatazama mbuzi. Aliweka kisu kaunta. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amenyoa na kuvaa tai chini ya koti la bucha.

"Ndinda alishikwa na uchungu usiku ule wa mkutano," alisema. "Ni kijana. Wamepewa ruhusa jana. Asubuhi ya leo mama yake amempa jina."

Hakuna mtu aliyekuwa amenipigia simu. Nilisimama nimeshika kamba, na mbuzi mmoja akaanza kula kartoni ya bucha. Nikamuuliza kama jina linaweza kubadilishwa, nikiwa najua jibu. Alitingisha kichwa. Alisikitika kweli, alikuwa mtu wa kusikitika na mwenzake hata pale aliposhinda. Aliichukua ile kamba mkononi mwangu, akawafunga mbuzi kivulini, akanikalisha kwenye benchi akaniletea supu. "Kunywa, mkwe," alisema. "Hawa tutawapokea Januari na wazee, mambo yawe sawa. Huyu anayekohoa tutambadilisha." Nikanywa. Ilikuwa supu nzuri. Baadaye alinipeleka nyumbani kwake, na Ndinda, bila kuniangalia machoni, akaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa na masikio yangu. Wote waliokuwepo waliyaona na hakuna aliyelisema hilo.

Ntheo ilipokelewa Januari, na ndoa ikawa ndoa. Muia alianza tena kunisemesha baada ya muda, kwanza habari za hali ya hewa, kisha za kazi. Baada ya miaka miwili walizaa msichana, akapewa jina la mke wangu, kama inavyotakiwa, na Kamene hana huruma: kila akifika huyo mtoto anamkumbatia na kusema, "Kamene, mwenzangu, njoo tumwone mzee asiye na mwenzake." Katika uzazi huo Ndinda alikaribia kufa, na daktari akasema asijaribu tena. Muia ndiye mwanangu wa kiume pekee. Historia ya ukoo niliimaliza, iko kabatini, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba kuisoma.

Mbuvi ana miaka saba sasa. Ananipenda, anakuja Kibera likizo, tunakula chapati, namfundisha kushika nyundo. Lakini anapokuja mama yake kumchukua, na kumwita "mzee" kwa ile sauti ya heshima niliyokuwa nikiisubiri, si mimi anayeitwa. Kwa kukubali siku ile kumtafuta Nzioka aliyekufa, nilimpoteza Nzioka aliyekuwa anakuja. Hakuna mtoto anayebeba jina langu, na hatakuwepo. Nikifa, litakuwa limeisha.